Ugonjwa Uupatao Hospitalini: Ni Kadari au Ni Dhima?

Leo tumekusudia kuzungumza jambo ambalo ndugu zetu aghlabu hulinyamazia, si kwa kuwa hawalijui, bali kwa kuwa huona kulisema ni kama kumshitaki Mola wao. Jambo lenyewe ni hili: mtu aingiapo hospitali kwa ugonjwa mmoja, kisha akatoka na ugonjwa mwingine alioupata humo humo, au asitoke ila juu ya jeneza, je, hiyo ni kadari tu, tushukuru na tunyamaze, au pana dhima juu ya shingo ya mtu?

Suala hili hatukulizua sisi. Tuliulizwa huko Biliqo, upande wa Merti katika Kaunti ya Isiolo, tulipokwenda na wenzetu wa darsa kuwazuru ndugu zetu Waborana. Nchi ile ni kame, watu wake ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi, na tegemeo lao ni visima na Mto Ewaso Nyiro. Ni watu wa dini na watu wa haya. Baada ya sala ya Isha tulikaa mkekani, na mzee mmoja akatueleza khabari ya mke wa mwanawe. Alikuwa amepelekwa kujifungua katika hospitali moja ya mbali, ambayo hatutaitaja. Akapasuliwa, mtoto akatoka salama, na mama akarudishwa nyumbani. Siku chache baadaye jeraha likaanza kutoa usaha na harufu, homa ikampanda, na kabla ya siku kumi na tano kutimia akafariki. Watu walikuja kumpa mkono wa tanzia, na killa aliyekuja alisema neno moja: ni kadari, subiri.

Mzee akatutazama, akasema: "Sheikh, mimi nimesubiri. Lakini nataka kuuliza. Jirani yangu akiwa na ngamia mwenye upele, akamleta kisimani pamoja na ngamia wangu, na wangu wakapata upele, wazee watakaa chini ya mti na watauliza nani aliyemleta. Hawataniambia ni kadari, nenda nyumbani. Huyu binti yetu aliingia na mwili mzima, akatoka na jeraha linalonuka. Mbona hapa hakuna mzee aliyekaa chini ya mti?"

Tulinyamaza. Jawabu la kuliwaza lilikuwa tayari ulimini mwetu, kwani ndilo tulilozoea kulitoa katika matanga ya mjini kwetu, lakini tuliona haya kulitoa mbele ya mzee yule. Tulimwomba atupe muhula tukafikiri. Makala hii ndiyo jawabu yake, na tunaiandika kwa ajili yake na kwa ajili yetu.

Kwanza tuondoe tashwishi katika dini. Wako wanaosema kuwa Mtume (S.A.W.) amekanusha kuambukizana, basi kusema kuwa mgonjwa ameambukizwa hospitalini ni kwenda kinyume na Hadithi. Hao wameshika nusu ya maneno na wakaiacha nusu. Ni kweli kuwa imepokewa Hadithi ya kukanusha ambukizo. Lakini imepokewa pia, tena kwa wapokezi wale wale wa kutegemewa, kuwa mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Wanazuoni wamezikusanya Hadithi hizi mbili kwa kusema: kilichokanushwa ni itikadi ya watu wa Jahilia, waliodhani kuwa ugonjwa huruka kwa nguvu yake wenyewe pasi na uwezo wa Mungu. Ama kuwa Mwenyezi Mungu ameweka sababu, na kuwa kuchanganyika kwa mgonjwa na mzima ni moja ya sababu hizo, hilo halikukanushwa. Bali ndilo lililojenga amri ya kuwatenga ngamia. Tazama basi, ewe msomaji, jinsi mzee wa Biliqo, asiyejua kitabu, alivyoifikia Hadithi ya ngamia kwa akili yake na kwa desturi ya kisima.

Na killa mtu amesikia kisa cha Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata khabari kuwa tauni imeingia huko. Alipoazimia kurudi, Abu Ubayda akamuuliza vipi atakimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kwa kuiendea kadari ya Mungu. Maana yake ni kuwa kujikinga nako kumo ndani ya kadari. Asiyejikinga hakuwa na imani zaidi ya Umar. Amekosa fahamu tu. Kwa hivyo neno kadari husemwa baada ya kufanya yatupasayo. Likisemwa kabla yake, huwa ni pazia la kufichia uvivu.

Sasa tutazame mambo yenyewe yalivyo. Mwaka 1846 katika mji wa Vienna palikuwa na wodi mbili za wazazi katika hospitali moja. Katika wodi ya matabibu na wanafunzi wao walikufa zaidi ya wazazi 11 katika 100, na katika wodi ya wakunga walikufa chini ya 3. Watu walisema ni hewa mbaya, na wengine wakasema ni majaaliwa. Tabibu mmoja, Ignaz Semmelweis, hakuridhika. Aliona kuwa matabibu walitoka chumba cha kupasulia maiti wakenda moja kwa moja kuwashika wazazi, na wakunga hawakuwa wakigusa maiti. Mwaka 1847 akaamrisha killa mtu aoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuingia. Mwaka wa pili yake vifo katika wodi ile vilishuka mpaka karibu 1 katika 100. Nao wenziwe walifanyaje? Wengi walimpinga, kwani kukubali maneno yake kulikuwa ni kukubali kuwa mikono yao wenyewe ndiyo iliyoua. Alikufa mwaka 1865 hali maneno yake hayajakubaliwa. Hapa pana mazingatio: jambo zito kwa mwanadamu si kuosha mikono, bali ni kukiri kuwa jana hakuiosha.

Na wala tusidhani kuwa hizo ni khabari za Wazungu wa zamani. Hapa pwani kwetu, katika hospitali ya Kilifi, wataalamu walifuatilia watoto waliolazwa tangu mwaka 2002 hata 2009, na khabari zake zikachapishwa mwaka 2011. Waliona kuwa katika killa watoto 1,000 waliolazwa, kadiri ya 6 walipata vijidudu katika damu yao baada ya kuingia hospitali. Utasema 6 ni kidogo. Lakini zaidi ya nusu ya watoto hao walikufa, hali ya kuwa katika waliokuja na vijidudu vya damu kutoka majumbani kwao walikufa kama robo tu. Na waliodhurika zaidi ni watoto waliodhoofika kwa ukosefu wa lishe, yaani mtoto wa masikini. Twaipa heshima hospitali ile kwa kuyahesabu mambo hayo na kuyatangaza. Kwani ziko nyingi zisizohesabu, na asiyehesabu hujiona kuwa hana aibu. Shirika la Afya Duniani nalo lilieleza mwaka 2022 kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 katika 100 wanaolazwa hupata ambukizo la hospitalini, na katika nchi tajiri ni 7. Na katika killa wenye kupata maambukizo hayo, mmoja katika kumi hufa.

Ndugu zetu, sisi wa darsa hii tumekuwa tukikemea taklidi, yaani kufuata desturi pasi na dalili. Basi jueni kuwa taklidi haikai msikitini tu. Katika hospitali nyingi ilikuwa ni ada kumpa mgonjwa dawa za kuua vijidudu siku kadhaa baada ya kupasuliwa, ili jeraha lisioze. Elimu inasema kinyume chake: dawa hufaa itolewe kabla ya kisu kugusa ngozi, ili iwe imo katika damu pale mlango unapofunguliwa. Kati ya 2010 na 2011, katika hospitali ya Thika, waliamua kuiacha ada na kufuata dalili. Kabla ya hapo waliopewa dawa kabla ya kupasuliwa walikuwa 2 katika 100. Katika wiki sita tu wakawa 98. Na waliopewa baada yake walishuka kutoka 99 mpaka 10. Je, majeraha yalioza zaidi? La, maambukizo ya juu ya ngozi yalipungua, na gharama pia ikapungua. Wiki sita zilitosha kuiondoa desturi iliyokuwa imekita mizizi. Anayesema kuwa watu hawabadiliki na aizingatie Thika.

Na desturi mbaya ikiachwa huzaa msiba mkubwa. Mwaka 1976 huko Yambuku, kaskazini ya Kongo, hospitali ya misheni ilikuwa ikitoa sindano tano tu killa asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku nzima. Sindano moja ilipita mwili hata mwili, ikisuuzwa tu kwa maji. Ugonjwa wa Ebola ulipoingia ukapanda juu ya ncha ya sindano zile. Waliougua walikuwa 318, na waliokufa 280. Waliotoa sindano zile walikusudia kheri. Lakini nia njema haiichemshi sindano.

Kinyume cha hayo ni khabari ya Dokta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor huko Gulu, Uganda. Ebola ilipozuka mwaka 2000 aliwatenga wagonjwa, akawafunza wauguzi wake kujikinga, na akabaki nao kitandani kwa kitanda, hata naye akapatwa na akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Hakuwa wa dini yetu, lakini haki husemwa kwa mwenyewe. Na katika khabari yake twajifunza kuwa anayejikinga na kumkinga mgonjwa wake si mwoga. Yeye ndiye ashikaye amana.

Sasa tuje kwa tohara, maana hapa ndipo Waislamu wengi hukosea. Mtu husema: Mimi nina udhu, mkono wangu ni safi. Twasema: udhu ni tohara ya ibada, na najisi katika fikihi ni vitu maalumu vijulikanavyo. Vijidudu havimo katika hesabu hiyo. Mkono waweza kuwa tohara kwa sala, nao hauko salama kwa jeraha. Lakini asidhani mtu kuwa dini haikuashiria jambo hili. Mtume (S.A.W.) amemkataza aamkaye usingizini kutia mkono chomboni mpaka auoshe mara tatu, na sababu aliyoitaja ni kuwa mtu hajui mkono wake umelala wapi. Tazama sababu hiyo! Hakusema kuwa mkono una najisi. Amesema kuwa hajui. Kutojua tu kumetosha kuwajibisha kuosha. Basi muuguzi atokaye kitanda hiki kwenda kile, je, yeye anajua mkono wake umelala wapi?

Elimu ya leo imemtajia muuguzi nyakati tano za kuosha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi ya kutakasa kama kufunga jeraha au kutia sindano, baada ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye, kama kitanda na shuka. Tumezoea nyakati tano; hatutashindwa na tano nyingine. Na palipo na shida ya maji, yatumika spiriti ya kusugulia mikono, maadamu mkono hauna uchafu uonekanao. Ukiwa nao, hapana budi sabuni na maji. Hapa wako wanaojizuia kwa kusema kuwa spiriti ni pombe. Tunawajibu: kilichoharamishwa ni kulewa, na Baraza la Fikihi la Rabita huko Makka, katika kikao chake cha kumi na sita, Januari 2002, limeruhusu alkoholi itumike nje ya mwili kusafisha majeraha na kuua vijidudu. Basi asiyetaka kuitumia na alete maji na sabuni; ama kumwendea mgonjwa kwa mkono usiooshwa kwa kisingizio cha ucha Mungu, huo si ucha Mungu.

Tumefika penye suala la mzee: dhima ni ya nani? Twaona kuwa watu ni makundi matatu. Wa kwanza ni yule mwenye maji, sabuni, elimu na wakati, kisha akaacha. Huyo ana dhima, hata kama hakuna aliyemwona. Muuguzi wa usiku wa manane, wagonjwa wamelala, hana msimamizi. Akiosha mikono yake hapo, ameosha kwa ajili ya Mungu peke yake. Na fikihi yetu imesema kuwa anayejitia utabibu bila ya kuujua hudhamini alichokiharibu. Basi aijuaye kazi akaipuuza ana udhuru gani? Wa pili ni yule aliyetaka kuosha, akafungua mfereji usitoke maji, naye ana wagonjwa arubaini na glavu za kumi. Huyo tusimlaumu, dhima imepanda kwa aliyepewa mamlaka na fedha, asipeleke maji. Wa tatu ni yule aliyefanya yote, na bado ugonjwa ukaingia, kwani hiyo hutokea hata penye hospitali bora. Huyo ndiye wa kuambiwa ni kadari, na neno hilo kwake ni haki na ni faraja.

Lakini kuna kundi la nne, na hili hatukulifikiria mpaka tuliporudi safari. Nalo ni sisi. Killa tuingiapo wodi, tunaingia kumi kumi, tunakalia kitanda cha mgonjwa, tunaleta watoto, tunagusa bandeji na kuuliza limepona kiasi gani. Na mwandishi wa makala hii hana budi kukiri. Miaka mingi tumekuwa tukizunguka wodi siku ya Ijumaa kuwaombea wagonjwa dua. Tukiweka mkono juu ya paji la huyu, kisha la yule, kisha la mtoto mchanga, na watu wakitubusu mkono ule ule, nao ukiendelea. Kuzuru mgonjwa ni haki yake, na kumwekea mkono ni sunna. Lakini baina ya kitanda na kitanda hatukuosha hata mara moja. Hatujui mkono wetu umelala wapi. Hatujui kama yuko aliyepata dua yetu pamoja na ugonjwa wa jirani yake. Tunamwomba Mungu maghufira, na tangu siku ile hatuingii bila ya kuosha, na aliye na mafua miongoni mwetu hubaki nyumbani akaomba dua kutoka huko.

Na tena ni sisi tunaokwenda dukani kununua vidonge vya kuua vijidudu bila ya kuandikiwa, tukameza viwili, homa ikapungua, vilivyobaki tukampa shangazi. Vijidudu visivyokufa hujifunza dawa, kisha huhamia kwa wengine. Wataalamu wamekadiria kuwa mwaka 2019 watu 1,270,000 duniani walikufa kwa maambukizo ambayo dawa hazikuyaweza tena. Aharibuye dawa ni kama achafuaye kisima. Atakayekuja baadaye na kiu hatamjua, lakini Mungu amjua.

Basi nini la kufanya? Wazee wetu wa pwani hawakujenga msikiti ila walijenga na birika yake, na wakauwekea wakfu wa mashamba na nyumba ili maji yasikatike. Walijua kuwa hapana sala pasi na tohara. Twauliza: kwa nini msikiti uwe na mifereji kumi, na zahanati iliyo mkabala nao isiwe na hata mmoja? Kumpa maji mwenye kiu ni sadaka. Na kumpa maji mkunga aoshe mikono kabla ya kumpokea mtoto, hiyo si sadaka? Twapendekeza killa jamaa ya msikiti iende kwa mkuu wa zahanati yake, kwa adabu, imuulize maji yako wapi na sabuni iko wapi. Na penye upungufu ichangwe tangi, mfereji na sabuni ya mwezi kwa mwezi, iwe wakfu. Jambo hili ni fardhi kifaya: wakilitimiza baadhi yetu, wote tumesalimika, tukiliacha wote, wote tuna dhambi. Wala kuchanga huko kusiwe ni kuisamehe serikali. Tuchange na tudai.

Na kwako, mzee wetu wa Biliqo, jawabu ni hili. Ulikuwa na haki ya kuuliza, na suali lako halikupunguza imani yako. Ajali ya binti yetu ilikuwa imeandikwa, na kisu, mkono na maji vilevile vilikuwa ni amana ya watu, na Mwenyezi Mungu atawauliza juu yake. Haya mawili hayapingani. Subira ni yako wewe uliyefiwa. Ama sisi wengine, haitujuzii kusubiri juu ya msiba wa mwenzetu hali tunaweza kuuzuia usimfike wa pili. Hatuwezi kukurudishia binti yako. Twaweza kukaa chini ya mti, tukauliza nani aliyemleta ngamia, na tusiinuke haraka tutakapoona kuwa kamba yake imo mikononi mwetu pia.

Mwenyezi Mungu amrehemu, amkuze mwanawe katika kheri, na atujaalie mikono safi na nyoyo safi.